Jinsi ya kuvuka kiangazi cha Phoenix: wapi pa kubana, wapi pa kuachia

Nilishuka uwanja wa ndege wa Phoenix mwezi Mei 2016, nikitokea kambi ya Nyarugusu, Kasulu, nilikoishi miaka kumi na minne. Kambini nilijifunza kitu kimoja kuliko vyote: kubana maji. Dumu moja la lita 20 lilipaswa kupika, kuogesha watoto na kufulia, na foleni ya bombani ilianza giza halijatoka. Ustadi huo nilikuja nao Arizona nikautumia pasipofaa. Julai ya mwaka uleule nilianguka jikoni mbele ya watoto. Nilikuwa nimezima kiyoyozi ili bili isipande, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya maji, kwa mazoea tu.

Basi wewe uliyefika juzi, au unayemsubiri ndugu afike, haya ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile uwanja wa ndege. Ndani ya nyumba na ndani ya mwili wako, achia. Bana uani.

Anza Aprili

Hapa joto wanalihesabu kwa Farenhaiti. Ukisikia 110, ni kama 43 kwa Selsiasi tuliyoizoea. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, bila siku hata moja kushuka chini ya 110 mchana. Rekodi ya kabla ya hapo ilikuwa siku 18, ya mwaka 1974. Mwaka 2024 hazikufuatana vile, lakini ukizijumlisha zilifika 70. Kaunti ya Maricopa, ambayo Phoenix imo ndani yake, ilihesabu watu 645 waliokufa kwa joto mwaka 2023. Kuna jambo moja katika hesabu hizo ambalo haliniondoki: wengi wa waliofia majumbani kiyoyozi walikuwa nacho. Kilikuwa ukutani au juu ya paa, hakifanyi kazi.

Ndiyo maana nasema Aprili. Kufika Juni, mafundi wote wa jiji wana foleni kama ya bombani kwetu.

Kwanza jua una mashine gani. Kuna kiyoyozi cha kawaida, na kuna ile sanduku kubwa ya juu ya paa inayopitisha hewa kwenye pedi zilizolowa maji. Hiyo ya maji inakula umeme kidogo na Mei inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu hewa ni kavu kama karatasi. Lakini Julai na Agosti, msimu wa mvua za radi ukiingia, hewa inabeba unyevu na mashine ile inageuka kupuliza mvuke. Ukionyeshwa nyumba ya kupanga yenye mashine ya maji peke yake, ulizia nyingine, hasa kama una mzee au mtoto mchanga.

Kama ni kiyoyozi, fungua kile kidirisha cha mabati ukutani au darini kinakovutia hewa. Ndani yake kuna chujio la karatasi lenye fremu. Vipimo vyake vimeandikwa ukingoni. Vipige picha uende navyo dukani, usikadirie kwa macho kama nilivyofanya mara mbili. Pembeni pana mshale: unaelekea kule hewa inakokwenda, yaani kuingia kwenye mashine. Andika tarehe kwa kalamu nzito kwenye fremu, ubadilishe kila mwezi wakati wa joto, maana vumbi la hapa ni la jangwani kweli. La mwanzo nililolitoa lilikuwa na manyoya kama mbwa. Kisha washa mashine nusu saa, shika kipimajoto cha bei rahisi mbele ya tundu linalotoa hewa, halafu mbele ya kidirisha kinachovuta. Tofauti ikiwa kama digrii 15 hadi 20 za Farenhaiti, mashine ni nzima. Ikiwa 5 au 6, piga simu leo.

Ukitoka kwenda kazini usiizime kabisa. Nyumba iliyokaa saa nane bila kupozwa imelowa joto mpaka kwenye matofali, na mashine itahangaika hadi usiku wa manane kulitoa. Ipandishe digrii chache tu. Halafu isome bili yako: mipango mingi ya umeme hapa ina saa za bei ya juu, za alasiri na jioni siku za kazi. Mimi hupoza nyumba sana kabla ya saa hizo, kisha nikapandisha kidogo zikianza, na kupika ni asubuhi. Maharage huchemka alfajiri, kama kwa bibi.

Dirisha la magharibi ndilo adui. Tundika kitenge kizito au turubai nje ya kioo, si ndani. Jua likishapita kioo, joto limeshaingia na pazia lako linalipamba tu.

Mwenye nyumba akikuzungusha

Ijumaa moja ya Julai 2019 kiyoyozi chetu kilitoa mlio kama wa gari lililoishiwa oili, kikanyamaza. Nikapiga simu ofisi ya nyumba. Wakasema Jumatatu. Jumatatu wakasema Alhamisi. Chumbani kipimajoto kilisoma 96. Tulilala watano sebuleni sakafuni, juu ya vigae, nimewafunika watoto mashuka yaliyolowa maji. Kosa langu lilikuwa moja: siku zote hizo nilikuwa napiga simu. Simu haina ushahidi.

Mama mmoja wa kanisani, aliyenitangulia miaka mingi, ndiye aliyenikalisha chini. "Mdogo wangu, hapa mdomo hauna kazi. Andika."

Andika hivi. Tarehe, namba ya nyumba, "air conditioning is not working" kwa Kiingereza chao, joto la ndani kwa namba, na picha ya kipimajoto. Peleka nakala moja ofisini mwenyewe, nyingine itume kwa njia inayobaki na kumbukumbu. Sheria ya mji wa Phoenix inasema kiyoyozi cha nyumba ya kupanga kiweze kushusha joto hadi 82 au chini ya hapo, na ile mashine ya maji hadi 86. Hizo ni kama 28 na 30 za Selsiasi. Ukizitaja namba hizo kwenye barua, sauti ya upande wa pili inabadilika. Sheria ya jimbo nayo inaangalia barua: kasoro inayogusa afya na usalama ikikaa siku 5 baada ya barua kupokelewa, una njia ya kuvunja mkataba, na kuna vifungu vya kutafuta pa kulala au fundi kwa muda huo. Vifungu hivyo vina masharti yake, kwa hiyo pita kwanza kwenye msaada wa kisheria wa bure. Na tafadhali, usiache kulipa kodi ya nyumba kwa hasira. Hapa watu hutolewa nje upesi kuliko unavyodhani, na ukishatolewa jina lako linabaki limechafuka.

Barua yangu niliipeleka Jumanne asubuhi. Fundi alikuja Jumanne jioni.

Kuhusu umeme wenyewe: kampuni zilizo chini ya tume ya jimbo, kama APS, haziruhusiwi kumkatia mteja wa nyumbani kwa deni kati ya 1 Juni na 15 Oktoba. Deni halifutwi, linakusubiri. SRP, kampuni nyingine ya umeme ya hapa, haiko chini ya tume hiyo, hivyo mteja wao awapigie awaulize utaratibu wao mapema. Ninachotaka ujue ni kwamba hakuna sababu ya kuzima kiyoyozi Julai kwa kuogopa karatasi nyekundu.

Usiku mashine ikifa

Kwetu milimani hata jua likichoma, jioni unavaa sweta. Hapa usiku haukuokoi. Lami, zege na kuta zimekunywa jua kutwa na zinalitema usiku kucha. Tarehe 19 Julai 2023 joto la chini kabisa la siku nzima lilikuwa 97, yaani 36 za Selsiasi, na hapo nazungumzia alfajiri. Mji ulikuwa na watu kama 107,000 mwaka 1950. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 1.6. Kila nyumba iliyoongezeka imekuja na barabara yake na maegesho yake.

Kiyoyozi kikifa, feni peke yake isikudanganye. Joto likizidi la mwili wako, feni inakupulizia pumzi ya tanuri. Inasaidia ukiwa umelowa. Loweka kanga, jifunike, kaa mbele ya feni, na kila ikikauka loweka tena. Kabla ya msimu wa mvua hewa ni kavu, kanga inakauka upesi, na kule kukauka ndiko kunakokupoza. Watoto wapitishe bafuni kila baada ya muda. Usitegemee bomba la baridi kukupa maji ya baridi, kwa sababu Julai linatoa maji ya uvuguvugu kama ya kuogea mgonjwa. Mimi hujaza ndoo mbili na kuziacha ndani zipoe, na chupa nne hukaa kwenye friza muda wote.

Ikishindikana, toka. Piga 211 wakuambie kituo cha kupoza mwili kilicho karibu, na kama huna gari uliza usafiri. Maktaba za mji ni baridi na huingii kwa kitambulisho. Kuna watu wetu wanaona aibu kwenda kukaa maktaba bila kusoma. Chukua gazeti, lishike hata kichwa chini miguu juu.

Mwili

Kunywa kabla ya kiu. Lakini maji matupu galoni kwa galoni, huku unatoka jasho, yanakuondolea chumvi na unaanza kuumwa kichwa na kutapika ukidhani ni malaria. Ule mchanganyiko wa kliniki tuliofundishwa kambini unafaa hapahapa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Uji mwepesi wenye chumvi nao ni mzuri.

Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi: ingia ndani, lala, nywa kidogo kidogo. Mtu akianza kuongea ovyo, asikutambue, ayumbe kama mlevi au azimie, hiyo si ya kungoja, iwe ngozi yake ni kavu au ina jasho. Piga 911, useme "Swahili" uombe mkalimani. Wakati unasubiri mmwagie maji baridi mwili mzima, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, mpepee. Usimnyweshe aliyechanganyikiwa, atapaliwa. Zimamoto wa Phoenix tangu 2024 wana mfuko mkubwa wanaomtia mgonjwa ndani pamoja na barafu. Usipige kelele ukiona wanamfunga baba yako humo, wanamwokoa.

Wazee wetu wanaotumia vidonge vya presha vile vya kukojosha, waulizeni daktari kabla ya Juni. Na hao hao wazee, jamani, ile suti ya Jumapili na sweta ndani yake! Mlinde baba heshima yake, lakini koti alivalie kanisani.

Lami ya mchana inaunguza hadi kupeleka mtu hospitali. Mtoto asitoke pekupeku hata kwenda kwenye gari. Kile chuma cha mkanda wa gari kimeniachia alama ya mraba mkononi, mwaka wa tisa huu haijafutika. Sasa ninakifunika na kitambaa kabla ya kushuka. Mpira wa maji uani nao, ukiwa umelala juani, maji ya mwanzo yanatoka yakichoma. Yafungulie kwenye ndoo kwanza, yapoe, ndiyo umpe mtoto achezee.

Ukiwa barabarani na ukuta wa vumbi ukaja mbele yako, toka kabisa barabarani, simama, zima taa zote, hata zile za kuwaka na kuzima, vuta breki ya mkono na uondoe mguu kwenye breki. Wa nyuma akiziona taa zako atakufuata akidhani unakwenda.

Uani ndipo pa kubana

Sasa ule ustadi wa dumu utoe kabatini. Maji ya Phoenix yanatoka hasa kwenye mito ya Salt na Verde, na kwenye mto Colorado kwa mfereji wa wazi wa kilomita 540 hivi unaopandishwa na pampu kutoka Lake Havasu hadi kusini ya Tucson. Mto huo uligawanywa kati ya majimbo ya juu na ya chini yake mwaka 1922, wakati wa miaka ya mvua nyingi, na ahadi zikazidi maji. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza, na kuanzia 2022 Arizona ikapoteza kiasi cha asilimia 18 ya mgao wake. Nyumba ya hapa inaweza kumwaga nje hadi asilimia 70 ya maji yake. Kikombe chako cha chai hakihusiki, ni nyasi.

Kwa hiyo nyasi sina. Nina kibustani cha hatua sita kwa nne, na kimenilisha.

Kwetu unainua tuta ili maji yasioze mizizi. Hapa fanya kinyume: chimba chini. Kitanda changu kimezama kiasi cha kiganja na nusu, kingo zimeinuka, maji yakiingia hayana pa kukimbilia. Ukichimba ukagonga kitu kama zege, ni tabaka la chokaa la jangwani. Livunje kwa sururu au uhame hatua mbili. Changanya mboji, panda, kisha tandaza majani makavu au vipande vya mbao unene wa vidole vinne. Juu tandika neti ya kivuli. Lengalenga, bamia, kunde na matembele hupenda joto kuliko wewe. Nyanya zitakuchekea hadi Mei halafu zitaacha kuzaa. Zipande mapema au ziache.

Mwagilia alfajiri, mara chache, kwa kina. Nitakuonyesha ninavyojua kina: nina chuma chembamba cha urefu wa mkono. Saa moja baada ya kumwagilia nakisukuma ardhini. Penye unyevu kinateleza, pakavu kinagoma. Mboga zinataka kiasi cha sentimita 30. Mti unataka kama 60 hadi 90, na maji uyaweke chini ya ncha za matawi, usiyalundike shinani. Mti wenyewe uwe wa hapa, mesquite au palo verde ile yenye shina la kijani, uupande magharibi ya nyumba, mbali kidogo na ukuta. Miaka minne baadaye ule upande wa chumba chetu hauungui tena.

Maji ya kuogea na kufulia unaweza kuyatumia tena, hadi galoni 400 kwa siku, bila kuomba kibali, ila kuna masharti. Mimi nilikuwa nikimwagia lengalenga maji ya beseni la watoto kwa fahari kubwa, mpaka nikaelezwa kuwa si ya mboga. Yapeleke kwenye miti. Kati ya miti ya matunda, michungwa na ndimu na ile ya karanga za miti inaruhusiwa. Ya sinki la jikoni na ya nepi hapana. Yasirushwe hewani wala kutuama.

Kabla ya kununua nyumba ya bei rahisi

Watu wetu wameanza kununua, Mungu awabariki, na bei inawasukuma pembeni kabisa ya jiji. Juni 2023 jimbo lilitangaza kuwa halitaidhinisha tena mitaa mipya ya eneo la Phoenix inayotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake, kwa sababu sheria ya 1980 inataka uthibitisho wa maji ya miaka 100. Lakini anayegawa shamba vipande vitano au pungufu hapitii mlango huo. Januari ya mwaka huohuo, watu wa Rio Verde Foothills waliamka mji jirani wa Scottsdale umefunga bomba ambalo malori yao yalikuwa yakijazia. Nyumba nzuri, madirisha makubwa, na watu wakawa wanakusanya maji ya mvua kuflashi choo.

Uliza mambo matatu na uyatake kwa maandishi: maji haya ni ya mji, ya kisima au ya lori? Kama ni kisima, kina urefu gani na cha jirani kiko wapi? Kama ni lori, linajaza wapi, na mkataba ni wa nani?

Mwezi uliopita shemeji alinipigia akiwa kwenye nyumba moja huko nje, sauti imejaa furaha. Vyumba vinne, uwanja wa kuchezea watoto, bei ya kukufuru.

"Shemeji," nikamwambia, "hapo ulipo, zunguka nyuma ya nyumba uniambie unaona nini."

Nikasikia hatua zake kwenye changarawe.

"Kuna tangi. Kubwa, la kijani."

"Mpe simu huyo anayekuuzia, nimuulize lori linajaza wapi."

Yule bwana alikuwa mpole sana. Alisema ni swali zuri, ataangalia kwenye makaratasi atupigie kabla ya jioni. Wiki ya nne inaisha.